Chai, moshi na ugomvi juu ya chanzo cha saratani

Kwanza ni nyama. Mtu anaitafuna vizuri, anaimeza, halafu anaisikia imesimama katikati ya kifua. Anakunywa maji, inashuka, mambo yanasahaulika. Baada ya wiki kadhaa unafuata ugali, kisha ndizi, kisha loshoro, chakula cha kienyeji ambacho Mmeru amekila tangu utotoni bila kukitafuna sana. Mgonjwa anahamia kwenye mtori, akitoka hapo anahamia kwenye uji, na uji nao unaanza kuongezwa maji. Wengi hufika kwa daktari siku ambayo hata mate hayapiti tena.

Hiyo ndiyo saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na Nkoaranga imo ndani ya eneo lake. Ni kijiji cha migomba na kahawa kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru, juu ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, mahali ambapo wamisionari wa Leipzig walijenga kituo mwanzoni mwa karne ya 20 na ambapo hospitali ya Kilutheri inahudumia watu mpaka leo. Watafiti huchora ukanda wa ugonjwa huu kuanzia Ethiopia, ukishuka kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini. Ukienda Afrika Magharibi, ugonjwa huohuo unakuwa nadra. Ndani ya ukanda wanaugua watu ambao kwa vitabu vya Ulaya hawakutarajiwa: wanawake ambao hawajawahi kushika sigara, walokole wasiogusa pombe, hata vijana ambao hawajafika miaka 40. Hospitali ya Tenwek, huko Bomet nchini Kenya, imejulikana duniani kwa kuwawekea wagonjwa kama hao mrija wa kupanua umio ili angalau waweze kula.

Familia inapouliza ugonjwa umeanzaje, haiulizi peke yake. Wanasayansi wamebishana juu ya swali hilo kwa zaidi ya miaka 100 na hawajamaliza. Ubishi huo unaigusa Meru kuliko tunavyodhani. Mara mbili sasa ushahidi mzito umetoka Afrika Mashariki, katika miili ya watu wa hapa, na kila upande wa ubishi ukisikilizwa unaleta agizo lake kuhusu nini kifanyike kesho asubuhi jikoni na zahanati.

Upande wenye nguvu zaidi ni ule wa vinasaba. Mwaka 1914 Mjerumani Theodor Boveri, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa akichunguza mayai ya viumbe wa baharini, aliandika kwamba saratani huanza pale seli moja inapogawanyika vibaya na kurithisha kasoro hiyo kwa vizazi vyake vyote. Mwaka uliofuata Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa wa Tokyo walitangaza kwamba wamepaka lami ya makaa ya mawe masikioni mwa sungura, siku baada ya siku, hadi uvimbe wa saratani ukaota. Baadaye, mwaka 1976, Michael Bishop na Harold Varmus walionyesha kwamba jeni zinazosababisha saratani hazitoki mbali. Ni jeni zetu wenyewe, zinazofanya kazi halali mwilini mpaka ziharibike. Wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1989. Kwa upande huu, saratani ni kosa la maandishi: maagizo ya seli yamefutika au yamekosewa, na seli inazaana bila kusikia amri.

Wapinzani wapo. Otto Warburg, katika miaka ya 1920, aliona kwamba seli za saratani hula sukari kwa namna ya pekee, akaamini kuwa tatizo liko kwenye namna seli inavyopata nguvu. Ana Soto na Carlos Sonnenschein, waliofanya kazi Boston, walitoa kitabu mwaka 1999 wakidai kwamba kosa halimo ndani ya seli moja bali katika maelewano ya seli na jirani zake. Tishu ikivurugika, seli zinarudia tabia yake ya asili ya kuzaana. Na tangu Peyton Rous alipohamisha saratani kutoka kuku mmoja hadi mwingine kwa maji yaliyochujwa seli zote, mwaka 1911, kumekuwa na kambi ya virusi.

Ni kambi hiyo ya virusi iliyokuja kupima bahati yake kwetu.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye akakuta mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja. Mwaka 1958 aliandika kuhusu saratani hiyo ya watoto wa Afrika, ambayo leo ina jina lake. Lakini kazi iliyobadilisha mambo ilifanyika barabarani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakatoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, karibu kilomita 16,000, wakipitia Tanganyika, wakisimama hospitali baada ya hospitali na picha za watoto mkononi wakiuliza: huu mmewahi kuuona?

Majibu yalichora ramani, na kwenye ramani hiyo milima ilijitokeza kama visiwa. Uvimbe ulijaa kwenye tambarare zenye joto na mvua. Karibu na ikweta, ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi, unatoweka. Kwa maneno mengine, mtoto wa tambarare ya Ziwa Victoria alikuwa hatarini na mtoto wa miteremko ya juu yenye baridi hakuwa. Alexander Haddow, aliyekuwa Entebbe, aliitazama ramani hiyo akaona kinachoamua ni halijoto na mvua, vitu vilevile vinavyoamua mbu wakae wapi.

Burkitt alipotoa mhadhara London, Machi 1961, kijana mtafiti Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Aliomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza wamekiona kirusi ndani ya seli hizo kwa hadubini ya elektroni. Ilionekana kambi ya virusi imeshinda. Kisha Werner na Gertrude Henle wa Philadelphia wakagundua jambo lililovuruga sherehe: kirusi hicho kimo katika damu ya karibu watu wazima wote duniani, na wengi wao hakiwafanyi lolote. Kambi ya vinasaba nayo ikaja na ushindi wake. Mwaka 1972 watafiti nchini Sweden waliona kromosomu ya 14 katika seli za Burkitt imeongezewa kipande, na kufikia mwaka 1982 ilijulikana kwamba jeni iitwayo MYC imehamishwa kutoka mahali pake na kuwekwa pale ambapo haiwezi kuzimwa. Kosa la maandishi, kama Boveri alivyotabiri.

Lakini kosa hilo, kwa nini litokee mara nyingi kiasi hicho penye mbu?

Hapo Tanzania ikatoa jaribio ambalo shule zetu zingepaswa kulifundisha. Kuanzia mwaka 1977, katika wilaya ya North Mara, eneo linalohudumiwa na Hospitali ya Shirati, watoto walipewa klorokwini ili kupunguza malaria, na watafiti wakahesabu visa vya Burkitt mwaka hadi mwaka. Visa vilishuka hadi kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa pale. Malaria ilipoizoea dawa na mpango ukasimamishwa, visa vikapanda tena. Watafiti walikuwa waungwana kusema kwamba visa vilikuwa vimeanza kupungua hata kabla ya mpango, hivyo jaribio halikufunga mjadala. Hata hivyo, pamoja na tafiti nyingine zilizofuata, liliacha picha ambayo hakuna kambi moja inayoweza kuimiliki: kirusi kinazifanya seli za kinga ziendelee kuishi, malaria ya mara kwa mara inazichochea zizaane kwa wingi, na katika kuzaana huko kipande cha kromosomu kinahamia mahali pabaya. Ondoa kimoja kati ya hivyo, na watoto wengi wanapona kabla ya kuugua.

Miaka 60 hivi baada ya Burkitt, historia hiyo inajirudia kwenye umio, na safari hii watu wa milimani ndio walio hatarini.

Mradi wa utafiti uitwao ESCCAPE, ulioratibiwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani la Lyon, Ufaransa, ulikusanya wagonjwa na watu wasio wagonjwa Eldoret, Moshi na Blantyre. Walioulizwa maswali Moshi ni watu wa ukanda huu wa kaskazini, wenye mafiga yaleyale na sufuria zilezile. Watafiti walidadisi sigara, pombe, moshi wa jikoni, meno, na chai. Hasa chai. Mkoani Kilimanjaro watafiti walipima kwa kipimajoto jinsi watu wanavyoinywa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha wastani unaozidi nyuzi 70 za Selsiasi mtu anapoanza kunywa. Mwaka 2016 shirika hilo la Lyon liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Matokeo ya Tanzania na Malawi yaliyotoka mwaka 2022 yalionyesha kwamba hatari inapanda kadiri mtu anavyopenda chai na chakula cha moto zaidi.

Anayeijua Meru hatashangaa. Saa kumi na mbili asubuhi huku kuna baridi ya kuingia mifupani. Chai ya maziwa haichanganywi mezani, inachemshwa maziwa na maji pamoja, inamiminwa kwenye chupa ya chai ikiwa bado inatokota, na mgeni akipewa ya vuguvugu anaona hakupokelewa vizuri.

Basi kambi ya vinasaba ilikuwa na njia ya kupima madai haya. Sumu nyingi zinapoharibu vinasaba huacha sahihi yake, kama mtu anavyoacha alama ya kidole kwenye hati. Jua lina sahihi yake kwenye saratani ya ngozi, moshi wa tumbaku una yake kwenye mapafu. Sumukuvu, ile ya mahindi na karanga zilizovunda ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, inapoleta saratani ya ini hupenda kuharibu herufi ileile ya jeni iitwayo TP53. Kwa hiyo wanasayansi wa taasisi ya Wellcome Sanger ya Uingereza, wakishirikiana na wale wa Lyon, walisoma vinasaba vya uvimbe 552 wa umio kutoka nchi nane, zikiwamo Tanzania, Kenya na Malawi, nchi za ugonjwa mwingi na nchi za ugonjwa mchache. Walitegemea kukuta katika uvimbe wa ukanda wetu sahihi ya mhalifu ambaye hayumo katika uvimbe wa Uingereza.

Hawakuikuta. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Genetics: sahihi zilifanana karibu kila mahali, na tofauti chache zilizoonekana hazikutosha kueleza kwa nini Moshi na Eldoret wanaugua na London hawaugui kwa kiwango hicho. Kisababishi kikubwa kinaleta ugonjwa, lakini hakiandiki jina lake.

Matokeo haya hayajapewa uzito yanaostahili kwenye magazeti yetu. Kama kisababishi cha saratani ya Meru hakichapi makosa kwenye vinasaba, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba kinafanya kazi kwa njia nyingine, na njia hiyo ilishatajwa zamani. Mwaka 1941 Isaac Berenblum wa Oxford alipaka ngozi ya panya kemikali ya kuharibu seli, kidogo tu, kisha mafuta ya mbegu za krotoni yanayowasha. Mafuta peke yake yalileta mwasho bila saratani kubwa. Kemikali peke yake kidogo vile haikutosha. Vikifuatana, uvimbe uliota. Kitu cha kwanza kinapanda kosa, cha pili kinaliamsha kwa kuiumiza tishu na kuilazimisha ijijenge upya kila siku.

Na makosa yenyewe yamo ndani yetu tayari. Mwaka 2018 timu ya Inigo Martincorena na Philip Jones, nao wa Sanger, ilichunguza umio wa watu wasio na saratani yoyote. Kufikia umri wa kati, sehemu kubwa ya utando wa ndani wa umio ilikuwa imetawaliwa na seli zenye mabadiliko ya vinasaba, hasa katika jeni iitwayo NOTCH1. Watu hao walikuwa wazima, wanakula na kumeza. Miaka mitano baadaye watafiti wa taasisi ya Francis Crick, London, walionyesha kwamba vumbi jembamba la hewa chafu huamsha seli za mapafu zenye kosa lililokuwapo, kwa kuchochea mwasho kwenye tishu, bila kuongeza makosa mapya ya kutosha kueleza ugonjwa.

Chai ya nyuzi 70, asubuhi na jioni kwa miaka 30, inafanana mno na mafuta yale ya krotoni. Haisemi lolote kwa vinasaba. Inaunguza tu, utando unajitibu, inaunguza tena. Moshi wa kuni ni mgumu kuuweka upande mmoja, kwa sababu una kemikali zinazoharibu vinasaba moja kwa moja na pia unawasha tishu.

Kuna shahidi mwingine ambaye watu wa Arumeru wanamtambua wakijitazama kwenye kioo. Maji ya Chai, mji ulio chini kidogo kwenye barabara kuu, umepata jina kutokana na mto wenye maji ya rangi ya chai. Maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na ndiyo maana Ngurdoto kuna kituo kinachotafiti namna ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Meno ya kahawia yanayotokana na floraidi hiyo yamewaletea watoto wa huku maneno ya kuudhi wanapokwenda kusoma mikoa mingine. Mwaka 2019 watafiti wa Eldoret walieleza kwamba wagonjwa wa saratani ya umio walikuwa na madoa makali ya floraidi na meno mabovu zaidi kuliko wenzao wazima. Hilo ni fungamano, si hukumu. Huenda ni maji, huenda ni bakteria wa kinywa, huenda meno mabovu yanamfanya mtu ameze chakula bila kukitafuna. Lakini kwa wilaya yenye mito hii, swali hilo halipaswi kusubiri mgeni aje kuliuliza.

Kuna nadharia moja ambayo makala haya hayaikubali hata kidogo kwa ukanda huu, nayo ni ile ya bahati mbaya. Mwaka 2015 Cristian Tomasetti na Bert Vogelstein waliandika kwamba tofauti kubwa ya saratani kati ya kiungo kimoja na kingine inaelezwa na idadi ya mara seli za kiungo hicho zinavyogawanyika, na magazeti mengi duniani yakaitafsiri kwamba saratani ni bahati. Hesabu yao ilihusu tofauti ya viungo, si tofauti ya nchi. Bahati haina ramani. Haiwezi kuchagua Eldoret, Moshi na Blantyre, ikairuka Afrika Magharibi nzima. Kumwambia mgonjwa wa Nkoaranga kwamba hakuna aliyekosea ni huruma. Kuiambia Wizara ya Afya kwamba hakuna la kufanya ni kosa.

Nchi hii imeshaona faida ya kuchukua hatua kabla ubishi haujaisha. Harald zur Hausen alipoonyesha mwaka 1983 kwamba kirusi cha HPV kinahusika na saratani ya mlango wa kizazi, wengi hawakumwamini, na kirusi hicho nacho huwapata wanawake wengi ambao hawaugui kamwe. Chanjo haikusubiri nadharia kamili. Tanzania iliijaribu mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, na mwaka 2018 ikaipeleka nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Leo wazazi wa Meru wanaijua.

Kwa umio hakuna chanjo, lakini kuna kikombe. Kukiacha dakika chache kabla ya kunywa hakugharimu shilingi, na ujumbe huo ungeweza kutangazwa Jumapili baada ya ibada, kliniki ya mama na mtoto, kwenye vikundi vya kahawa, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Utangazwe bila kumlaumu mgonjwa. Mama aliyepika chai moto kwa upendo kwa miaka 40 asije akaambiwa kitandani kwamba amejiua mwenyewe, kwa sababu sayansi haijasema hivyo na huenda haitasema. Jiko lenye bomba la moshi lichukuliwe kuwa jambo la saratani pia, si la mapafu na misitu tu. Na matokeo ya watu waliotoa damu, muda na vipande vya miili yao huko Moshi yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe kwenye mikutano ya vijiji walikotoka.

Linalobaki ni gumu zaidi, kwa kuwa linahitaji fedha: mpira wenye kamera wa kuchungulia umio, na mtu aliyefundishwa kuutumia, karibu na wanakoishi watu. Leo mtu anayekwamwa na nyama mara nyingi hununua dawa ya vidonda vya tumbo dukani, anapata nafuu ya wiki mbili, anaendelea na shamba. Safari ya hospitali ya KCMC, Moshi, anaianza akiwa kwenye uji, na ya taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akiwa hana nguvu ya kukaa kwenye basi. Kipimo hicho kingemfaa siku ile ya kwanza, wakati bado maji yanatosha kushusha kipande cha nyama.